Bwana yangu alisema mbele ya Papa kama Ruashi njo pabaya kuliko pote

Jambo Tantine,

Natumaini uko salama na watu wa kwako. Nakuandikia usiku huu juu kuranti imerudi na watoto wamelala, muchana sipati nafasi na nikisema nisubiri kesho sitaandika tena. Niko na miaka 34, tuko na bwana yangu miaka 11, watoto 3. Yeye ni mekanisie wa kamyo, mi nauza vitenge. Tunapanga Bel-Air, komini ya Kampemba hapa Lubumbashi, miaka 6 sasa. Mwezi wa sita bayeri, mwenye nyumba, alituita, akatuambia kwa heshima kabisa, sitaki kumusingizia, kama nyumba ataivunja ajenge ya etaji, na tutoke mbele ya shule kufunguliwa mwezi wa tisa.

Basi tukaanza kutafuta na kila mutu tunayemuambia anatupa jina la mahali pa kwenda na jina la mahali pa kukimbia.

Jumapili moja tukaenda kula kwa wazazi wangu Ruashi, komini ingine ya Lubumbashi. Nimezaliwa kule, Papa njo eko kule na Mama. Siku ile alikuwako pia mudogo wa bwana yangu aliyetoka Kolwezi, na belsere yangu, dada ya bwana yangu, anayekaa Kipushi. Tumekaa, bukari iko ya moto, sombe, samaki, Mama ameweka na munkoyo, kila kitu sawa. Papa akasema, wanangu, nimesikia bayeri anawatosha, vile vyumba 2 vya nyuma ya lupango, kiwanja chetu, viko, vina mulango na dirisha, mukuje mukae, hakuna wa kuwaomba franka hapa.

Mbele bwana yangu ajibu, mudogo wake akaruka. Yaya, mukuje Kolwezi, dola iko Kolwezi, Lubumbashi mumebaki kuhesabu historia. Belsere akamuambia Kolwezi ni mahali mutu anachimba mpaka chini ya kitanda chake, umesahau Kasulo? Mudogo akamurudishia kama Kipushi muji ulilala siku mugodi ulifungwa, mwaka 1993, na watu wake walilala nao. Belsere akasema umeamka, zinki imeanza kutoka tena tangu 2024, na kodi ya nyumba ya Kipushi haimalizi mushahara. Mama yangu, yeye ni wa Likasi, akasema hakuna wa kuugusa Likasi mbele yake. Kasumbalesa, pale mupaka wa Zambia, wote tulikubaliana kama ni pabaya, kwa kamyo na foleni na kelele ya usiku, tukacheka, ilikuwa furaha Tantine, nakuapia ilikuwa furaha.

Pale njo bwana yangu akasema: «Muache yote. Pabaya kuliko pote mu Katanga yote ni hapa tulipokaa. Ruashi. Mutu mwenye akili hawezi kuleta watoto mu mavumbi haya.»

Papa alikuwa na tonge mukononi. Akaliweka pembeni ya sahani, polepole, akaita maji akanawa mikono, akamuambia Mama asante kwa chakula, akatoka kukaa chini ya muti wa maembe. Radio yake alikuwa nayo mapajani na hakuiwasha. Mi nilinyamaza. Sikusema neno, na hiyo inaniuma kuliko neno la bwana yangu.

Papa alifanya kazi Gécamines, kampuni ya madini ya serikali. Mwaka 2003, ile ya depa volonteri, kuacha kazi kwa hiari, wakati wafanyakazi zaidi ya 10,000 waliondoka na kiinua mugongo, na yeye aliondoka. Ile franka njo ilimaliza nyumba ya Ruashi, Mama anaweza kukuambia mpaka leo tofali ngapi ziliingia kwenye ukuta wa mbele. Vile vyumba 2 vya nyuma alivijenga mwaka jana tu, na lokateri, watu wa kupanga, walikuja wengi akawakataa, sijui kwa nini.

Sasa ni wiki 3 Papa hajaniita kwa simu, yeye ambaye alikuwa anaita kila asubuhi kuuliza watoto wameenda shule. Bwana yangu anasema alisema ukweli na ukweli hauombewi musamaha. Anasema mutoto wetu wa mwisho eko na pumu, na ni kweli, mwaka jana mwezi wa tisa tulilala naye hospitali usiku 2. Mudogo wake anaendelea kutuvuta Kolwezi. Belsere anataka Kipushi. Mi kila nikifunga macho naona lile tonge pembeni ya sahani.

Tantine, uniambie: Ruashi ni pabaya kweli kuliko pote? Tuende wapi? Na Papa nitamurudisha namna gani?

Mama wa watatu, Bel-Air

*

Mama wa watatu,

Nimesoma barua yako mara 2, na mara ya pili nilisimama pale ulipoandika kwa kupita tu kama vyumba vya nyuma Papa alivijenga mwaka jana, lokateri wakaja akawakataa, na weye hujui kwa nini. Binti yangu, muzee ambaye hana mushahara tena anajenga vyumba 2 vyenye mulango na dirisha, anakataa franka ya watu kila mwezi, na siku anasikia bayeri wako anakutosha anasema mukuje. Vile vyumba vilikuwa vyenu tangu musingi. Alikuwa anawangojea. Kwa hiyo siku ile mezani bwana yako hakutukana komini, alikataa zawadi mbele ya watu bila kuipokea kwanza, na alimuambia muzee kama kiinua mugongo cha maisha yake yote alikitupa mahali ambapo mutu mwenye akili haendi. Najua hakutaka kusema hivyo. Lakini njo ile iliyofika kwenye sikio la Papa, na njo juu yake radio haikuwashwa.

Nitaanza na mutoto kwanza, juu hapo bwana yako eko na haki na sitaki umunyime.

Pumu na mavumbi havikai nyumba moja. Hiyo ni kweli, na baba aliyelala usiku 2 kwenye kiti cha hospitali anasikiliza mwanawe anavuta pumzi, namuelewa kabisa akiogopa. Na Ruashi kuna mugodi wa shaba na kobalti kando ya watu, kuna kamyo, na kuanzia mwezi wa tano mpaka mwezi wa tisa hapa kwetu mvua hainyeshi, unapanguza meza asubuhi, saa sita ya muchana unaandika jina lako juu yake na kidole. Hakuna wa kubisha.

Kosa lake ni kufikiri kama mavumbi yako na komini. Mwaka 2009 watafiti wa Chuo Kikuu cha Lubumbashi pamoja na wenzao wa Leuven, Ubelgiji, walitoa utafiti ambao ningependa kila muzazi wa Katanga aujue. Walipima mukojo wa watu wa kwetu, watu wa kawaida, wakaona wale wanaokaa chini ya kilometa 3 kutoka mugodi ao kiwanda cha kuyeyushia madini walikuwa na kobalti nyingi mwilini kuliko wanaokaa mbali zaidi, na watoto njo walizidi. Kilometa, Mama! Hawakuandika Ruashi ni mbaya, Bel-Air ni nzuri. Kuna nyumba ya Ruashi inayoangalia shimo la mugodi na kuna nyumba ya Ruashi iliyo mbali nalo, na zote 2 watu wanasema «Ruashi». Hata huko nyuma ya muji wetu wa zamani, upande ule ambao upepo wa kusini-mashariki ulikuwa unasukuma moshi wa kiwanda cha shaba kilichoanza kuyeyusha mwaka 1911, udongo uliharibika, na hakuna mutu nimesikia anaita upande ule pabaya kuliko pote.

Kwa hiyo mudogo wa bwana yako akisema Kolwezi, mumuulize Kolwezi wapi. Belsere wako hakudanganya: Kasulo ni kartie ya nyumba za watu, na mwaka 2014 kobalti ilionekana chini ya lupango, watu wakaanza kuchimba ndani ya lupango zao, ukuta kwa ukuta. Mwaka 2018 watafiti hawa hawa walitoa matokeo ya kule, na walikuta kobalti kwenye mavumbi ya ndani ya nyumba na kwenye miili ya watoto, kupita watoto wa kartie ya pembeni. Sasa bwana yako anakimbiza pumu kutoka Ruashi kuipeleka karibu kilometa 300, kwa ndugu ambaye hata hajasema anakaa upande gani, na kazi yenyewe hujaniandikia kama kuna mutu ameiandika kwenye karatasi. Kama hakuna kontra, hakuna Kolwezi. Hapo siwezi kulainisha. Muji ambao watu wanalipwa dola, na nyumba inalipwa dola, na weye utafika na vitenge vyako bila hata kliente mumoja anayekujua.

Kipushi sina neno baya nao, ni muji mutulivu, Zambia iko pale pale. Lakini mugodi wao uko kando ya muji vilevile, kwa hiyo swali la kilometa linabaki lile lile. Halafu bwana yako anatengeneza kamyo Lubumbashi, ni kilometa 30 kwenda na 30 kurudi. Uchukue karatasi, uandike nauli ya kila siku kwa siku 26 za kazi, uongeze kwa kodi ya Kipushi ambayo belsere anaisifia, njo utajua ni bei gani kweli. Mi nimeona familia 2 zilihama kwa kufuata kodi ndogo, baba akawa anarudi watoto wamelala, anatoka watoto wamelala, mwaka ukapita hivyo.

Na Ruashi je. Uliniuliza kama ni pabaya kweli kuliko pote na sitaki kukwepa. Hapana. Ni mahali pagumu mwezi wa nane na wa tisa, kwa nyumba iliyo karibu na mugodi ao kando ya barabara ya udongo kamyo zinapopita. Nimelala Ruashi, nimelala Katuba, nimekaa komini ya Kenya, hapa hapa Lubumbashi, miaka mingi, na nitakuambia kitu ambacho kinaniuma tangu nikiwa musichana, ni namna kila mutu mu Lubumbashi eko na komini moja ya kuzarau, na ya kwake haiko mu hesabu. Tunafikiri ni maoni yetu wenyewe. Wakati wa Wabelgiji waliweka ardhi tupu katikati ya muji wa wazungu na Kamalondo ya watu weusi, ili wasikaribiane, na tangu pale kuna upande wa «ville» na kuna upande wa «cité», na mutoto anafundishwa kuona haya ya mahali anapolala. Leo uwanja wa Mazembe uko Kamalondo na kila mutu anajivunia Kamalondo siku ya mechi. Na shaba ya kwanza ya muji huu, ile ya 1911, ilitoka mugodi wa Kalukuluku, kando ya Ruashi hiyo hiyo. Papa wako aliyefanya kazi Gécamines anajua hiyo kuliko mi, muulize siku mumepatana, atakusimulia mpaka jioni.

Sasa mambo ya kufanya, na uyafanye kwa mupango huu usigeuze.

Kesho asubuhi, saa ile ile Papa alikuwa anakuita, umuite weye. Usianze kumueleza Papa juu ya bwana yako. Usiombe musamaha kwa niaba ya mutu aliye na mudomo wake. Umuulize amelala namna gani, umuambie watoto wameamuka, na umuambie kitu kimoja: «Papa, siku ile nilinyamaza, na sikupaswa kunyamaza.» Basi. Asipojibu sana, usimusukume, keshokutwa umuite tena saa ile ile.

Bwana yako, umusomee barua hii kama anakubali. Bwana, nakuheshimu, unatetea kifua cha mutoto wako. Lakini ukweli wako uliutoa mahali pabaya. Ule ukweli ulikuwa wa kusema chumbani kwenu, ao kwa bopere, baba wa muke wako, pembeni, wawili, chini ya muti wa maembe. Utaenda Ruashi weye mwenyewe, usimutume muke wako, usiandike mesaji. Uchukue mukubwa mumoja wa upande wa kwenu, baba mudogo ao yaya ambaye bopere wako anamuheshimu, juu maneno yalisemwa mbele ya watu wa pande 2 na ndugu zako wawili walikuwako, kwa hiyo yarudishwe mbele ya mutu. Usiende mikono mitupu, kuku na mufuko wa bunga vinatosha, sio wakati wa kuonyesha ukubwa. Na neno la kwanza lisiwe musamaha, liwe asante. Asante kwa vyumba. Utaje milango, utaje dirisha, uombe akuonyeshe ndani, uingie uone alivyopiga sima. Najua hukuviangalia siku ile. Musamaha utakuja wenyewe ukiwa umesimama mule ndani. Kisha njo umuambie juu ya pumu, usiku ule 2, mwezi wa tisa, umuambie unaogopa. Muzee aliyelea watoto anaelewa woga kuliko anavyoelewa «ukweli».

Ni yeye sasa atakuwa nkambo anayetafuta dawa ya mujukuu pamoja nanyi, na hapo maneno ya wapi pa kukaa yatakuwa mepesi kuongea.

Munganga anayemufuata mutoto mumuulize mbele ya kuhama popote, Ruashi ao pengine, na dawa ya pumu ya kuvuta isikose mu nyumba hata siku moja. Mupime kilometa kutoka ukingo wa mugodi mpaka lupango ya Papa, simu yenye ramani inatosha, ao motari, anaangalia kontere yake. Kama ni zaidi ya 3, na munganga anakubali, ombeni Papa mulale kule wiki nzima mwezi huu wa nane, na mutoto, juu mwezi huu njo mavumbi yanakuwa makali na shule zimefungwa. Kifua chake kikistahimili mwezi wa nane Ruashi, ni alama nzuri, lakini kwenye mvua pia muendelee kumuangalia. Musifagie kavu, mwageni maji kwanza ao mupanguze na kitambaa cha maji, viatu vibaki inje, nguo za kazi za baba zisiingie chumba watoto wanapolala, hiyo hata mukibaki Bel-Air muifanye, mekanisie anarudisha mambo mengi nyumbani kwenye ovaroli yake.

Kama ni chini ya 3, ao mutoto anaanza kukohoa usiku wa pili, basi musikae kule, na hakuna atakayewalaumu juu mutakuwa mumejaribu mbele ya macho ya Papa. Pale mutafute nyumba ya kupanga hapa hapa Lubumbashi, karibu na lami, kwa mwaka mumoja, watoto wasibadilishe shule. Na bayeri mupya akiwaomba garanti, franka ya kuweka mbele ya kuingia, ya miezi 6 ao 10, mujue sheria ya mwisho wa 2015 juu ya nyumba za kukaa inasema garanti isipite miezi 3. Muiseme kwa adabu, wengi wanashuka wakiona lokateri anaijua.

Vile vyumba 2, mukikosa kukaa ndani, musimuambie Papa avitie lokateri. Muombe muwache kitanda kimoja pale na godoro, na watoto wawili wakubwa wakuje kulala mwisho wa wiki. Mulango utafunguliwa kila Jumamosi na yeye atakuwa na sababu ya kuita kwa simu kila Ijumaa.

Neno la mwisho ni juu ya lupango yenyewe, juu najua ndugu watauliza. Kama siku moja Papa anataka kuwaandikia kipande, musiridhike na karatasi ya komini. Hapa kwetu udongo ni wa serikali tangu sheria ya 1973, na karatasi inayomulinda mutu ni sertifika ile inayotoka kwa konservateri, ofisa wa serikali wa karatasi za udongo. Muulize kama anayo. Akikosa, bwana yako anaweza kumusindikiza kuifuata, hiyo ni safari nzuri kwa wanaume wawili waliokosana.

Ukishapima zile kilometa, uniandikie.

Tantine